Siku Moja Maishani Mwangu: Sabufa Mbili, Buti Dogo

Wengi wanadhani fundi wa muziki wa gari anaunga nyaya mbili na kufungulia sauti. Leo ni sabufa mbili, yaani spika za besi, za inchi 12 kwenye gari la spoti la milango miwili.

Saa 1 asubuhi. Nafungua hasi ya betri, natoa zulia la buti, napima. Upana wa ndani ni sm 95. Mdomo wa buti ni sm 72. Namba hizo mbili ndizo zinazoipanga siku.

Saa 2:30. Mteja analeta boksi aliloundiwa kwingine, urefu sm 84, kimo sm 45. Namwambia halipiti. "Fundi, lipindishe tu, litaingia." Tunalipindisha, linaingia nusu, linagota mgongo wa kiti. Tunalitoa. "Anzia kushoto." Linagota tena. "Basi sukuma!" Nakataa, maana kona ya MDF (mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa) ikichana mpira wa buti, mvua itaingia. Saa nzima inakwenda hivyo na kiuno kinauma. Mwishowe nachukua kadibodi, naikunjulia ndani ya buti kwa vipimo vya boksi lake, nafunga kifuniko taratibu, nafungua. Kona ya juu imebonyea pale mkono wa bawaba unaposhukia. Anaigusa ile alama kwa kidole. "Haya fundi, tengeneza lako."

Kwa hiyo naunda maboksi mawili, yaingie moja moja na kufungwa pamoja kwa bolti humo ndani. Mbao ni MDF ya milimita 18. Ndani kila moja lina sm 38 × 33 × 25, yaani lita 31. Toa lita 3 zinazoliwa na sabufa, zinabaki 28 kama karatasi ya spika inavyotaka. Kila skrubu naitangulizia tundu jembamba, la sivyo MDF inapasuka ukingoni. Pembe zote za ndani nazipaka gundi, kwa sababu hewa ikivuja besi inafifia na boksi linapiga mluzi.

Gundi ikikauka, navuta kebo ya umeme upande wa kushoto na nyaya za sauti kulia, zisibebe mvumo wa alteneta. Fyuzi inakaa ndani ya sm 45 kutoka kwenye betri. Waya wa ethi naufunga kwenye chuma nilichokwangua rangi mpaka kikang'aa; rangi ikibaki, amplifaya inazimika besi ikizidi.

Jioni, mwili umechoka, mteja anataka koili zote, zile nyaya zilizosokotwa ndani ya sabufa, ziungwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kila sabufa ina koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Zote nne sambamba ni omu 1, na amplifaya hii haivumilii chini ya omu 2. Itawasha taa nyekundu na kujizima, au iungue. Omu 2 haipatikani kwa koili hizi. Ingepatikana kwa koili za omu 2. Basi naziunga zitoe jumla ya omu 4. Kwa wati 400 natafuta volti 40 kwenye multimita, mlio wa hezi 50, spika zikiwa zimechomolewa. Hapo sikubali kukadiria kwa sikio.

Giza limeingia. Napiga besi, namba ya gari inatetemeka kama debe. Naibandikia sponji nyuma, nakaza skrubu zake, napiga tena. Kimya. Nafunga buti, na bawaba inashuka bila kugusa kitu.