Kasha la Muttrah

Tokea kiwanja cha ndege cha Unguja mpaka Maskati mama alizipakata kawa tatu, vile vifuniko vya chakula vya kusukwa, kama aliyepakata mtoto wa watu. Baba alimwambia azitie kwenye begi. Mama akasema begi litaziponda. Ndani ya ndege kijana mhudumu alitaka kuziweka juu na mizigo mingine, mama akamwambia "Ahsante mwanangu" kwa sauti tamu kabisa, na hakumpa.

Ilikuwa Januari 2003, kaskazi imekolea, na ndiyo mara yetu ya kwanza kusafiri nje sote pamoja: baba, mama, mie na mdogo wangu. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi, dada yake baba, aliyehamia Omani katika miaka ya sabini, pale Sultan Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970, alipowaita wenye asili ya kule warudi. Kwenye simu shangazi alikuwa hataki kingine. "Nileteeni kawa. Za mkono, za Pemba. Hizi za dukani huku sizitaki."

Kawa zile zilisukwa Micheweni na mwanamke ambaye mama anamjua tangu usichana wao. Niliwahi kumwona kazini. Miyaa ilikuwa imeshakauka na kuchanwa chane nyembamba, nyengine zimechemshwa na rangi sufuriani, nyekundu na zambarau, nyengine zimeachwa na weupe wake. Alikuwa akisuka ukili huku anazungumza, macho yako kwa mgeni, vidole vinakwenda vyenyewe. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha huanza kushonwa kileleni, ukizungushwa na kuzungushwa, mpaka inatoka kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa juu chini, pana kiasi cha kufunika sinia zima. Ukiishika kawa mpya puani unasikia jua.

Basi tukafika, tukakumbatiana, watu wakalia. Asubuhi ya pili tunaamka, kawa zote tatu ziko ukutani ukumbini, zimepangwa kama picha, katikati saa.

Mama alikaa kimya mpaka chai. Halafu akauliza, "Wifi, vitumbua vyako unavifunika na nini?"

"Na ile nailoni ya kuvuta."

"Haya."

Ile "haya" ya mama sie tunaijua. Shangazi naye akajua, maana alianza kujieleza: kwamba wageni wake wanapenda kuziona, kwamba zikitumika zitaingia mafuta. Mama akasema kawa isiyoingia mafuta haijawa kawa bado. Yakaishia hapo, kwa siku ile.

Siku ya nne tulipelekwa soko la Muttrah, pale Maskati. Soko lile liko karibu na bahari, unatoka kwenye jua la bandarini unaingia vichochoro vyembamba, na nadhani ndiyo maana wenyewe waliliita Suq al-Dhalam, soko la giza. Ubani unakupokea mlangoni. Kwa mtu wa Mji Mkongwe si ugeni sana: halua ile ile, kofia zilizotobolewa vitundu kwa sindano zikafanana na zetu kiasi kwamba baba alivua yake akailinganisha na ya dukani, na muuza duka akamwuliza yeye anauza bei gani ya kwake. Baba akanunua riale moja ya fedha ya Maria Theresa, zile zilizokuwa zikitumika hata Unguja enzi za masultani. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizofuliwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo huwezi kujua umri wa uliyopewa. Baba alifurahi nayo hivyo hivyo.

Mama hakununua kitu. Alikuwa anatembea nyuma yetu, mikono ndani ya buibui, mpaka tukafika kwenye duka moja la vitu vya kale, mwisho wa kichochoro. Akasimama.

Lilikuwa kasha. Kule wanaita mandus. Msaji mweusi kwa uzee, njumu za shaba zimepigwa usoni kwa mapambo ya duara, pete mbili za kunyanyulia ubavuni, droo tatu chini. Makasha ya namna hii mengi yalitoka Bara Hindi yakaja na majahazi, na kwetu hakukuwa na bibi harusi wa nyumba yenye uwezo asiyekuwa nalo: ndani nguo, udi, dhahabu zake, na ufunguo shingoni. Bibi, mzaa mama, alikuwa nalo Wete. Alipofariki likaja kwetu Unguja, nami nimelijua kama mahali pa kujificha. Mwaka 1989, mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kununua vitu vya zamani, makasha, saa za ukutani, milango hata, alilichukua kwa bei ya mabati kumi na nane na misumari yake. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka watu wanne wakilitoa kwa tabu mlangoni, na alama nne za miguu yake zilizobaki sakafuni hazikufutika hata kwa kupigwa deki.

"Silo," mama alisema kabla hatujamuuliza. "La bibi yenu njumu zake zilikuwa nene zaidi. Na hili pete zake zimebadilishwa."

Lakini alikuwa ameshapiga magoti.

Mwenye duka alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na Kiswahili chake, kama alivyotwambia, alikiokota kwa bibi yake aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja mjini. Alisema "ati" na "taibu" kama wazee wa Unguja, akikosa neno anaingiza Kiarabu. Bei aliyotaja ilikuwa riyali 140. Riyali moja ya Omani inapita dola mbili na nusu. Baba alipiga hesabu kichwani akatoa zaidi ya laki tatu na nusu za shilingi zetu, akapiga mluzi mdogo.

Mama hakusikia. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono wote, na sikuona anatafuta. Ndani ya makasha haya, ubavuni, huwa kuna kijisanduku kirefu chembamba chenye kifuniko chake. Kila mtu anakiona. Mama alikifungua, akagandamiza kwa dole gumba pahala fulani chini yake, akavuta ubao wa mbele kwenda juu. Ubao ukakataa. Akaugonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, kama anayebisha hodi, akavuta tena. Ukapanda. Nyuma yake vikatokea vidroo viwili vidogo sana, kila kimoja na kishikio cha shaba kama punje ya mtama.

Kijana wa duka akasema neno la Kiarabu ambalo shangazi hakututafsiria.

Mama akavuta cha kwanza: kitupu. Akavuta cha pili polepole. Mlikuwa na vumbi na bawa moja la mende. Akaingiza kidole, akapitisha kila pembe, akakitoa, akakiangalia. Halafu akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kuinuka, magoti yakilia.

"Umejuaje, mama?" yule kijana akauliza. "Hili tuko nalo hapa miaka miwili."

"Mkono umejua."

Akalitazama kasha lake upya, akalizunguka. Kisha, kwa adabu nzuri sana, akatwambia kwamba kasha hili sasa ni riyali 170.

Shangazi aliwaka. Akamwambia kama ni uhodari basi mama ndiye alipwe. Yule kijana akacheka, akatuagizia kahawa na halua, na bei haikuteremka hata baisa moja. Sina hakika kama tungelinunua kwa 140, wala sijui tungelipakia wapi, lakini mdogo wangu mpaka leo husema tungelibeba hata kichwani.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akitazama milima. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, bila kumgeukia mtu, kwamba kile kidroo cha pili cha kasha la bibi kilikuwa na kipini. Kipini cha pua cha dhahabu, cha bibi, kimefungwa kwenye kitambaa. Alikikumbuka siku ya tatu baada ya kuuza. Alikwenda kwa yule mnunuzi peke yake, akaambiwa kasha limeshaondoka.

Shangazi akazima redio ya gari.

"Mbona hukunambia?" baba akauliza. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita.

"Ningekwambia ufanye nini? Mabati yalikuwa yameshapigiliwa."