Ana mikono miwili tu

Klabuni kwetu Nairobi, tunakocheza jiu-jitsu ya Kibrazili, kila mtu alijua kwamba shingo ya yule bwana haipatikani. Alikuwa na mkanda wa zambarau, cheo cha kati, uzito wake ukinizidi kwa mbali. Ukimpanda mgongoni alitulia tu, kidevu kifuani, mikono yote miwili ikiung'ang'ania mkono wako unaotaka kumpiga ngeta. Mashindanoni ungepewa pointi 4 kwa kuingiza visigino ndani ya mapaja yake na kudumu hapo sekunde 3. Wengi waliridhika na pointi hizo.

Jioni ile kocha alikuwa ametuwekea video ya mwaka 2003, Mbrazili Marcelo Garcia akimnyonga Mbrazili mwenzake Vitor Ribeiro kutoka mgongoni kwenye ADCC, mashindano ya dunia ya mieleka ya kukabana, kule São Paulo. Kisha akasema: "Mpinzani ana mikono miwili tu. Mpe kazi tatu."

Nikapangiwa yule bwana. Nilipofika mgongoni, mkono wangu wa kulia ulipita juu ya bega lake, wa kushoto chini ya kwapa, nikaifunga kifuani pake. Nikaitafuta shingo. Mikono yake ikapanda, kama kawaida. Sikushindana nayo. Niliufunga mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili, nikageuza nyonga, nikaanza kupitisha mguu usoni pake ili nikinyooshe kiwiko chake. Alihisi hatari, akafumbata viganja vyake kwa nguvu zote.

Shingo ikabaki bila mlinzi! Mkono wa kulia ukazama ndani ya kola yake ya kushoto, dole gumba kwa ndani. Wa kushoto ukashika suruali gotini. Nikajinyoosha. Kabali hii huitwa upinde na mshale, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kuponda koo: kola hubana pande mbili za shingo, damu iendayo kichwani inapungua, na sekunde chache zinatosha. Akanigonga pajani mara mbili, ishara ya kusalimu amri.

Alikaa, akafunga mkanda upya. "Ndugu yangu, kile kiwiko ulikitaka kweli, au ilikuwa danganya toto?"

"Nilikitaka. Usingefumbata, ningekichukua."

"Basi panda tena."

Safari hii hakufumbata. Nilipoigusa kola, mkono wake wa kushoto ulishuka haraka kulinda suruali, wa kulia ukabaki peke yake shingoni. Nikaiacha kola, nikampiga ngeta.