Undugu Uliobeba Brashi: Wachoraji wa Morogoro Stores

Watu wanapozungumzia sanaa ya Dar es Salaam, aghalabu hutaja kumbi, matamasha na miradi inayosubiri mfadhili. Mimi nikiulizwa ni kundi gani la sanaa lililodumu kuliko mengi katika jiji hili, nitamwelekeza muulizaji Oysterbay, jirani na barabara ya Haile Selassie, mahali ambapo wenyeji bado wanapaita Morogoro Stores, akawaone wachoraji wa Tingatinga. Kilichowashikamanisha tangu mwanzo ni undugu, na ninaamini ndio uliowavusha pale ambapo vikundi vingi vingesambaratika.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanzisha mtindo huu unaobeba jina lake, alifika Dar es Salaam katika miaka ya 1950 baada ya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akawa mtumishi wa nyumbani, na hata alipoanza kuchora mwaka 1968 ilimbidi atafute riziki kwingine pia, kwani baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili. Alichorea vibao vya mraba vya mbao ngumu za kiwandani kwa rangi ya mafuta ile ile inayopakwa kwenye baiskeli, kwa sababu ilipatikana madukani na ilikuwa nafuu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake ya uchoraji ilidumu takriban miaka minne tu, na kwa hesabu ya kawaida jina lake lingepotea. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha akina Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda na Ajaba Abdallah, wengi wao wakiwa jamaa zake au watu wa kwao, nao wakaendelea kuchora na kuwafundisha wadogo zao. Mwaka 1990 kundi hilo likawa chama cha ushirika.

Mafunzo yenyewe hayana darasa. Kijana anayeletwa na mjomba au kaka yake huanza kwa kazi ambayo mteja haiangalii sana, yaani kutandaza rangi ya usuli, akiipaka ya kwanza kisha kuigongagonga ya pili kwa brashi hadi samawati iyeyukie ndani ya nyeupe bila kuonekana mpaka. Kibao huwekwa kando kikauke. Umbo la mnyama hufuata, kisha mistari myeusi, na mwisho kabisa madoa ya chui, ambayo mkono uliozoea huyatia moja moja kwa ncha ya brashi nyembamba huku mwenyewe akibishana na wenzake kuhusu Simba na Yanga. (Ubishi huo, niseme ukweli, ni burudani inayoshindana na picha zenyewe.) Mwanafunzi hatamkiwi kwamba amehitimu, siku moja tu fundi humwachia amalizie jicho la ndege, naye anaelewa.

Wakosoaji husema kwamba wachoraji hawa wananakiliana, na ni kweli kwamba twiga yule yule amechorwa na mikono mingi. Sioni aibu katika kurithi mtindo, kwa kuwa hata mshairi wa Kiswahili huazima bahari na vina vya waliomtangulia na hakuna anayemwita mwizi. Ninaloliona kuwa tatizo ni soko. Mnunuzi mkuu amekuwa mgeni anayepita, na mgeni huyo anataka tembo, simba na Kilimanjaro. Tena ndiye aliyesababisha vibao vigumu vipungue na kitambaa kishike nafasi, kwa sababu kitambaa hukunjwa kikaingia kwenye sanduku la safari. Mchoraji mwenye watoto wanaosubiri ada hawezi kulaumiwa kwa kuchora kinachonunuliwa.

Hata hivyo, ndani ya mtindo huu kuna tawi jingine ambalo sisi wakazi tumelipuuza, nalo ni picha za maisha ya watu, kama zile alizojulikana nazo Mohamed Charinda: kijiji kizima katika fremu moja, waganga, mashetani, wagonjwa na wasindikizaji wao. Picha za namna hiyo zinahitaji mtazamaji anayejua kwa nini yule mama kashika kiuno na kwa nini watoto wanakimbilia upande wa ngoma, na mtazamaji huyo ni mtu wa Temeke, Magomeni au Mbagala. Kuta za sebule zetu, wakati huohuo, zimejaa maua ya plastiki na mandhari ya milima yenye theluji iliyochapishwa ng'ambo.

Mwenye kutaka picha ya mtaa wake anaweza kuiagiza. Aeleze anachotaka kionekane, iwe ni kituo cha daladala, muuza kahawa au msafara wa mdundiko unaosindikiza harusi, wapatane bei, aache kianzio, kisha awe na subira, hasa wakati wa masika, kwa kuwa rangi ya mafuta hukauka kwa muda wake na madoa hayatiwi juu ya rangi mbichi.