Programu ya maabara yangu: stima niliizima mwenyewe

Nilipotafuta programu ya kutunza kumbukumbu za sampuli na majibu ya maabara, ushauri niliupata mwingi, wa bure na wa ovyo. Shemeji yangu mhasibu aliniambia, "Shemeji, Excel yatosha, wajitesa nini?" Rafiki niliyesoma naye, sasa yuko maabara kubwa Mombasa, akanionya nisiguse programu ya bure, eti nitajuta. Mmoja hajawahi kushika chupa ya sampuli maishani, na mwingine hajawahi kulipa bili ya stima ya maabara.

Sisi hapa Malindi ni watu watatu na jokofu moja. Tunapima maji: visima vya watu, mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Casuarina, barafu ya wavuvi. Chumvi, pH, klorini, na yule E. coli, kijidudu cha kinyesi, ambaye katika mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi hata mmoja. Msimu wa kaskazi hoteli zikijaa, chupa hupangwa mpaka sakafuni.

Basi nilimsikiliza shemeji. Namba za sampuli tulikuwa tukiziandika mwezi, kistari, chupa: 3-4 ni chupa ya nne ya Machi. Excel ikaona tarehe, na mimi sikuona kitu. Cheti kikatoka, kikapigwa muhuri, kikaenda hotelini. Jioni meneja akapiga simu, sauti ya upole kabisa: "Bi mkubwa, leo tuko Machi. Haya maji yangu mumeyapima Aprili gani?" Sampuli namba 03-Apr! Nilipokimbia kuigeuza safu iwe maandishi, ikanirushia 45385. Nilidhani kompyuta imeingia pepo; kumbe ndivyo inavyohesabu siku ndani kwa ndani. Safu nilipaswa kuifanya maandishi kabla sijaandika lolote, sio baada. Hilo kosa langu, na shemeji sikumwambia mpaka leo.

Nikaanza kuwaita wauzaji. Hapa ndipo naomba nijisifu kidogo. Muuzaji huja na data zake safi, wateja wa mfano, kila kitu kinang'aa. Mimi nilitoa kwenye leja juma letu baya kuliko yote: chupa iliyovunjika njiani kutoka Mambrui, kipimo kilichorudiwa mara mbili, mteja aliyebadilisha jina katikati, na majibu ya "<1", maana mara nyingi tunachokiona ni chini ya kiwango cha kupimika. Nikawaambia, ingizeni haya, nami natazama.

Wa kwanza alikwama kwenye "<1". Kisanduku chake kilitaka namba tupu. Akanishauri niandike sifuri. Sifuri! Chai alimaliza, akaenda zake.

Wa pili alikuwa kijana nadhifu kutoka Nairobi, laptopu nyembamba kama sahani. Programu yake nzuri, sikatai, lakini yote ilikaa mtandaoni, na bei laki tatu na kitu kwa mwaka, mafunzo mbali. Alipofika katikati nikajifanya naenda kuangalia birika, nikazima swichi kubwa. Ruta ikafa. Laptopu yake ilikuwa na chaji, kwa hiyo alikuwa bado anatabasamu, huku kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. "Madam, hii ni shida ya stima." Nikamwambia, "Naam mwanangu, na sisi twaishi nayo."

Mwisho tuliangukia SENAITE, programu ya kusimamia sampuli na majibu ya maabara, iliyotokana na nyingine iitwayo Bika LIMS. Leseni haina malipo, hukaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na wenzako huifungua kwa kivinjari kupitia ruta ya ndani hata intaneti ikipotea. Kuiweka ilimchukua fundi Jumamosi mbili. Nilimlipa elfu kadhaa na biriani. Kompyuta kuukuu, UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika), mashine ya lebo, sijui, labda elfu sitini zote. Usiiweke karibu na dirisha, upepo wa chumvi utaila.

"<1" ikaikubali baada ya fundi kuwasha sehemu yake. Namba zetu sasa zinaanza na herufi, hakuna tena Aprili. Nikajaribu mtihani niliowapa wote: jibu la 3 limeshaidhinishwa, ligeuze liwe 30. Ikakataa. Lazima sampuli nzima ibatilishwe, na ya marudio izaliwe na mkia wa R01, jina la aliyebatilisha na saa vikiwa vimeandikwa. Hapo nikakumbuka kifungu cha 7.11 cha ISO/IEC 17025 ya 2017, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, kinachotaka data zilindwe zisichezewe na mfumo uthibitishwe kabla ya kutumiwa. Lile juma baya, lililochapishwa na kutiwa sahihi, ndilo lililoanzisha faili letu la uthibitisho.

Muulize muuzaji yeyote pia: nikikuacha, data zangu natoka nazo vipi? Na nakala ya akiba unayoweka kwenye fleshi, jaribu kuifungua uone kama ina kitu. Yangu niliibeba nyumbani wiki tatu kwenye pochi, tupu.

Kuna jambo moja tu bado linaniuma. Programu hainiruhusu kuidhinisha kipimo nilichopima mwenyewe. Fundi anasema inaweza kufunguliwa, nikamkataza, kisha nikajuta. Jana binti niliyemwajiri mwaka huu alikwenda kula. Cheti cha hoteli kikakaa kinamsubiri yeye, na mimi mwenye maabara nikakaa nacho, mpaka saa nane na robo.