Vifaranga wa sato kufa safarini: tulivyolimaliza tatizo

Vifaranga walikuwa wakifika wamekufa, ingawa kila mfuko ulijazwa oksijeni. Shida haikuwa mfuko, ilianzia bwawani. Kuvuta wavu mchana huwafanya waogelee kwa nguvu, na samaki anayehangaika hutumia oksijeni mara kadhaa kuliko aliyetulia, tena huendelea kuhema kwa kasi muda mrefu baadaye. Joto nalo huumiza pande mbili: maji baridi ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, huku mahitaji ya samaki yakikaribia kuongezeka maradufu.

Sasa wavu huvutwa asubuhi jua likishapanda kidogo. Si alfajiri, maana mwani huwa umenyonya oksijeni usiku kucha. Vifaranga hutulia saa 24 kwenye kizimba cha wavu chenye maji yanayotembea, bila chakula. Tumbo lililojaa huongeza kuhema na amonia (sumu ambayo samaki wenyewe huitoa majini). Maji ya kufungia vifaranga mfukoni hupozwa polepole hadi nyuzi 22–24 kwa chupa za barafu zilizofungwa vizuri (barafu ya maji ya bomba huweza kuwa na klorini). Mfukoni, theluthi moja maji, mbili oksijeni. Wakifika, mfuko huelea bwawani dakika 20 kabla ya kufunguliwa.