Ongeeni kwa uhuru, ila malipo ya pili tusiyaguse

Mwanzoni mwa 2013, kijijini kwetu Newala, mkutano mkuu wa chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima wa korosho. Korosho tulishapeleka ghalani, hela tunalipwa kwa awamu, malipo ya kwanza yalishapokelewa yakaliwa yakaisha, ya pili kimya. Mi nilikuwa nyumbani nimemaliza fom siksi, katibu anaumwa, wakaniambia kijana shika daftari uandike muhtasari.

Mwenyekiti akafungua vizuri tu, "Ndugu wajumbe, chama ni chenu, kila mtu aongee kwa uhuru asiogope mtu." Makofi. Alafu akaendelea, ila malipo ya pili tusiyaguse yapo mikononi mwa chama kikuu cha ushirika kilicho juu yetu, na viongozi tusiwataje majina, na habari za gesi hapa si mahala pake. Na gesi ndo ilikuwa moto kweli, Desemba 2012 watu wameandamana Mtwara mjini kupinga bomba la kupeleka gesi Dar, kila kijiwe stori ni hiyo. Bibi mmoja amekalia gunia tupu, kanga kaikaza kiunoni, akauliza hata mkono hajanyoosha, "Sa mwanangu, tuongee nini, mvua?"

Mwalimu mstaafu akasimama na Katiba. Akasema Ibara ya 18 zamani nayo ilikuwa na "ila" yake, uhuru wa maoni ulifungwa na sheria za nchi, maneno hayo yakaondolewa 2005, sasa nyie mnayarudisha kwenye mkutano wa korosho? Ni kweli Ibara ya 30 bado inaweka mipaka, lakini hamna mahali inamkataza mkulima kuulizia hela yake. Hapo watu wakafunguka, makato, mizani, salfa (dawa ya mikorosho) iliyochelewa, mi naandika mpaka mkono unauma.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Mzee mmoja akasema yeye anaunga mkono stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupeleka korosho ghala la pamoja na kulipwa baadaye, kabla ya hapo walanguzi wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, walikuwa wanatupimia kwa bakuli, hujui hata umeuza kilo ngapi, afadhali ghala. Mimi sikukubaliana nae, ghala lisilolipa linanisaidia nini, ila habari ya bakuli ni kweli tupu, mama yangu kauza hivyo miaka na miaka. Hakumaliza. "Katumwa huyo! Akae chini!" na sauti kubwa kuliko zote ni ya mjomba wangu, aliyetoka kumpigia mwalimu makofi sasa hivi. Nikamwambia mjomba mwache amalize, naandika. Akanijibu mbele za watu, "Uhuru sawa, lakini sio wa kutetea wezi." Yaani mwenyekiti na mjomba, mahasimu kabisa, ila sentensi ni moja! Kila mmoja anataka uhuru uishie pale anapoanza kuguswa yeye, na yule mzee hakumwibia mtu hata punje, alikuwa na maoni tu.

Aprili mwaka huohuo Liwale kukawaka kwa ajili ya malipo hayahaya ya korosho, nyumba zikachomwa. Mi siwezi kuona hayo nikasema kuzibana midomo kunaleta utulivu.

Jioni ya mkutano mwenyekiti alikuja nyumbani, anataka swali la bibi litoke kwenye muhtasari. Kabla ya isha mjomba nae akaja, yeye anataka ya mzee yatoke. Nikawajibu wote kwa heshima kwamba yamesemwa mkutanoni, yanabaki, na kesho yake nikamkabidhi katibu daftari likiwa na yote mawili.