Mduara wa swichi nne na herufi moja kubwa

"We funga mduara tu, swichi zitajipanga zenyewe." Ushauri wa fundi mwenzangu huo, tena kautoa huku anakula, na mimi nikaufuata.

Hoteli ina swichi nne za mtandao zilizoungwa kwa mstari: mapokezi, jikoni, ulinzi, vyumbani. Jembe la mtunza bustani likikata faiba, waya wa mtandao (ameshaikata mara mbili), nusu ya hoteli haina mtandao. Nikavuta faiba mpya kutoka vyumbani hadi mapokezi, mstari uwe mduara. Laki sita na ushee, na soda za vijana wa kuchimba.

Kuchomeka tu ncha ya mwisho, taa za swichi zote zikaanza kupepesa kwa pamoja kama disko. Simu za mapokezi zikakata. Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data kati ya swichi, haina kikomo cha safari kama pakiti ya IP ya intaneti, inazunguka na kuzaana mpaka mtu achomoe waya. Nikachomoa, nikajifanya naangalia saa.

Kumbe STP, kanuni ya swichi kufunga waya mmoja ili mduara usizungushe fremu, ilikuwa imezimwa. Nikawasha RSTP, toleo lake la kasi, dhoruba ikatulia, lakini vyumbani intaneti inajikokota. Swichi moja huwa kiongozi, yaani mzizi wa njia zote, na mwenye namba ndogo ya kipaumbele ndiye hushinda. Kipaumbele cha swichi zote kilikuwa 32768 cha kiwandani, basi uongozi ukamwendea mwenye anwani ndogo ya MAC, namba ya kifaa chenyewe: swichi kuukuu ya jikoni, imeganda mafuta ya samaki. Na waya uliofungwa ni faiba yangu mpya! Wageni wa vyumbani wakawa wanapitia ulinzi, kisha jikoni, ndipo waione rauta iliyoko mapokezi. Mapokezi nikaipa 4096, ikawa kiongozi.

Bado waya mmoja ulilala bure huku kamera zikibanana na wageni. Nikahamia MSTP, inayoruhusu miti kadhaa, yaani ramani tofauti za njia: mti wa wageni mzizi mapokezi, mti wa kamera mzizi ulinzi iliko mashine ya kurekodia, kila mti ufunge waya wake. Wapi! Waya wa jikoni na ulinzi ukafungwa kwa miti yote miwili. Nikabadilisha viunganishi, nikazima na kuwasha kila kitu, nikaitukana swichi ya jikoni na ukoo wake. Saa tisa usiku ndipo nikaona: swichi tatu jina la eneo, yaani kundi la MSTP, ni "hoteli", ya jikoni nimeandika "Hoteli". Kwa mkono wangu mwenyewe. Zile tatu zikaihesabu ya kundi jingine. Nikasahihisha.

Asubuhi nikachomoa faiba mbele ya meneja. Pingi moja tu, ujumbe wa kupima mtandao, ilipotea. STP ya zamani ingetuweka nusu dakika au zaidi. Mwenzangu naye alikuwepo, kashika chapati.

"Si nilikwambia zitajipanga?"